Anayezama peke yake ziwani hana mtungi wala kamba

Kwa Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu wa Nakuru mliyoichapisha kuhusu watu wanaopiga mbizi peke yao baharini. Alitaka jambo hilo lipigwe marufuku katika maji yote ya Kenya, yakiwemo ya Ziwa Victoria, kwa hoja kwamba kidole kimoja hakivunji chawa na kwamba anayeshuka chini ya maji bila mwenza anajitafutia kifo. Naiheshimu nia yake, kwa kuwa ni nia ya kuokoa maisha, lakini nadhani amemlenga asiye wa kulengwa. Mimi ni mkazi wa Kisumu. Niliishi Cape Town miaka kadhaa kwa sababu ya kazi, nikajifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa katika maji baridi ya huko, na tangu niliporudi nimekuwa nikiwatazama kwa jicho jingine vijana wa fuo zetu wanavyoingia ziwani kuwatafuta waliozama. Maoni yangu ni kwamba mpiga mbizi wa pekee aliye hatarini zaidi katika nchi hii ni kijana wa ufuoni anayebana pumzi na kushuka gizani huku umati ukimshangilia, wala si yule mwenye suti, mitungi miwili na saa ya kupimia kina. Marufuku iliyopendekezwa ingemzuia huyu wa mitungi na kumwacha yule wa ufuoni kama alivyo.

Nianze na mshtakiwa, yaani mpiga mbizi wa pekee mwenye mtungi. Kila anayefundishwa kupiga mbizi kwa mtungi huambiwa tangu siku ya kwanza kwamba ataambatana na mwenza, na sababu zake ni za msingi. Mwenza ana hewa ya pili: kifaa chako cha kupumulia kikiharibika au hewa ikikuishia, unapumua kupitia bomba lake la ziada, lile ambalo kwa kawaida huwa la manjano na wapiga mbizi huliita oktopasi, kisha mnapanda pamoja. Mwenza ana macho ya kuiona hewa inayovuja nyuma ya kisogo chako, mahali usipoweza kujitazama, na ana mikono ya kuuondoa wavu ulionasa kwenye vali ya mtungi wako. Anayeamua kushuka bila mtu huyo hana budi kubeba mwilini mwake kila kitu ambacho mtu huyo angekuwa nacho, isipokuwa ile mikono, na hilo la mikono nitalirudia. Ndiyo maana mashirika ya mafunzo yanayoukubali utaratibu huu hayawakubalii wanagenzi. Shirika la SDI, lenye kozi mahususi ya mbizi za pekee, humtaka mwanafunzi awe na umri wa miaka 21 na awe amekwisha kupiga mbizi zisizopungua 100 zilizoandikwa katika daftari lake, na PADI, shirika kubwa kuliko yote ya aina hiyo duniani, nalo lina kozi ya mpiga mbizi anayejitegemea yenye sharti hilo hilo la mbizi 100.

Sehemu kubwa ya kozi hizo ni hesabu za hewa, na naomba wasomaji wanivumilie nizieleze, kwa sababu hapo ndipo mtu aliyejiandaa anapoachana na mtu mwenye bahati. Mtungi wa kawaida wa lita 12 uliojazwa hadi shinikizo la bari 200, yaani takriban mara 200 ya shinikizo la angahewa, una lita 2,400 za hewa. Mtu mtulivu hutumia takriban lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji, lakini kila mita 10 za maji ya bahari huongeza shinikizo sawa na la angahewa nzima, kwa hiyo akiwa katika kina cha mita 20 hutumia mara tatu ya hizo, yaani lita 60 kwa dakika. Akiiacha robo ya mtungi kama akiba, amebakiwa na nusu saa. Mtu huyo huyo akishikwa na baridi au hofu, na matumizi yake yakapanda kutoka lita 20 hadi 30, nusu saa hiyo imegeuka dakika 20, na hapo bado hajapatwa na jambo lolote baya.

Mpiga mbizi wa pekee hubeba pia mtungi mdogo ulio na kifaa chake cha kupumulia, usiotegemea ule mkubwa kwa lolote. Ukiwa wa lita 3, una lita 600 tu. Tuseme mtungi mkubwa umemwangusha akiwa mita 30 chini, ambako shinikizo ni mara nne ya lile la juu, na kwa mshtuko anavuta kiwango cha lita 30. Dakika moja ya kujipanga huko chini inakula lita 120, kupanda kwa mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika kunakula takriban lita 250, na kusimama dakika tatu katika kina cha mita 5, ili naitrojeni iliyoingia mwilini ipate muda wa kutoka, kunakula lita 135. Jumla ni kama lita 505. Zinatosha, ila hazitoshi kwa mtu anayepoteza dakika mbili akitafuta kifaa kilipo. Kwa sababu hiyo wanaoifanya kazi hii kwa uangalifu hukifunga kifaa hicho mahali pamoja kila siku, hukijaribu kabla ya kuingia majini, na hujizuia wasishuke kina ambacho mtungi huo mdogo hauwezi kuwatoa. Huongeza miwani ya akiba mfukoni, visu viwili au kisu na mkasi, boya la kurusha juu ili waonekane na mashua, na mtu wa nchi kavu anayejua wameingia wapi na watatoka saa ngapi. Mtu wa namna hiyo anaweza kufa, sawa na dereva makini anavyoweza kufa barabarani, lakini si haki kusema anajitafutia kifo.

Sasa nifike kwenye baridi, jambo ambalo msomaji mwenzangu hakuligusa kabisa na ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote katika mbizi za pekee. Upande wa Atlantiki wa Cape Town maji huweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini ya hapo, tena katikati ya kiangazi, kwa kuwa upepo wa kusini-mashariki unaovuma majira hayo huyasukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu na kuyapandisha yale ya kina. Maji hayo huwa maangavu, na wageni hudanganyika kwa uzuri wake. Upande wa pili wa rasi, katika False Bay, maji yana joto kidogo zaidi, nako kuna misitu ya mwani mrefu unaoota kutoka mwambani hadi juu ya maji. Huko nilijifunza kwamba baridi inaanza kazi yake muda mrefu kabla mtu hajaanza kutetemeka. Mtu akiingia tu, mwili humlazimisha kuvuta pumzi kwa nguvu bila hiari yake, na dakika za mwanzo hula hewa nyingi kuliko alivyopanga. Maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 kwa kasi kuliko hewa, na suti ya mpira, ambayo kinga yake ni viputo vidogo vilivyofungiwa ndani yake, hubanwa na shinikizo kadiri mtu anavyoshuka, ikawa nyembamba na isiyokinga mahali pale pale penye baridi kali. Kwa kubanwa huko hupoteza pia uwezo wa kumwelesha mvaaji, na vyuma vya uzito alivyojifunga ili kuizamisha suti nene vikaanza kumvuta chini kuliko alivyotarajia. Maji yakiwa chini ya nyuzi 10, kifaa cha kupumulia chenyewe kinaweza kuganda na kuanza kumwaga hewa bila kukoma, ikiwa hakikutengenezwa kwa maji ya namna hiyo.

Halafu kuna vidole. Baada ya muda katika maji ya nyuzi 12 vidole havifungui kishikizo, havibonyezi kitufe cha jaketi la kuelea, na havihisi kama kisu kimekamatwa au kimeanguka. Mwenye mwenza huazima mikono ya mwenziwe. Wa pekee hana pa kuazima, na mtungi wake wa akiba, uliohesabiwa kwa ustadi wote huo, unaweza kuwa mbele ya kifua chake asiweze kuutumia. Hapa ndipo ninapokubaliana kwa sehemu na msomaji wa Nakuru: katika maji baridi sana, kwa mtu asiye na suti kavu, ile isiyoingiza maji, na glavu nzuri, na asiyejipimia muda mfupi kuliko ule unaoruhusiwa na hewa yake, mbizi ya pekee siwezi kuitetea. Nisingeikataza kwa sheria, lakini nisingemkodishia mtu wa namna hiyo mtungi.

Pwani yetu si ya baridi hiyo. Hata katika miezi ya kusi, Julai na Agosti, maji ya Mombasa na Watamu hubaki kwenye nyuzi 24 au 25, na tatizo kubwa majira hayo ni mawimbi na maji yaliyochafuka. Ndiyo maana wageni wengi wanaokuja kuiona meli ya MV Dania, iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002 nje ya Bamburi iwe makazi ya samaki, hungoja kaskazi. Hata hivyo Pwani ilitupa somo Septemba 29, 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee katika kivuko cha Likoni, mama na bintiye wakiwa ndani. Gari hilo lilitolewa Oktoba 11, kutoka kina cha takriban mita 58. Siku hizo zote wananchi walikuwa wakiuliza kwa nini wapiga mbizi wanakawia, na wachache walioeleza kwamba mita 58 ni kina ambacho hewa ya kawaida humlevya mtu, kwamba mkondo wa pale ni mkali na macho hayaoni kitu, hawakusikilizwa. Tuna tabia ya kudhani kwamba kupiga mbizi ni suala la moyo mkuu, na asiyeshuka upesi basi ni mwoga. Tabia hiyo ndiyo inayowaumiza vijana wa ziwani.

Mashua inapopinduka katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, au mvuvi anaposhindwa kurudi, wa kwanza kuingia majini ni vijana wa ufuo wenyewe. Wanalijua ziwa kuliko mtu yeyote, na familia nyingi za Kisumu, Homa Bay, Siaya na Busia zimewazika wapendwa wao kwa sababu vijana hao waliwapata. Sitaki barua hii isomwe kama lawama juu yao. Lakini tazama wanavyofanya. Kijana huvua shati, huvuta pumzi ndefu za haraka haraka akiwa amesimama ukingoni mwa mashua, kisha huzama, hutafuta kwa kupapasa, huibuka, huvuta pumzi tena kwa kasi, huzama tena, na huendelea hivyo kwa saa nyingi. Mara nyingi yuko peke yake chini, kwa kuwa mwenzake anatafuta upande mwingine wa mashua ili eneo limalizike upesi. Wanaotazama humhesabia muda aliokaa chini, na akikaa zaidi humsifu zaidi.

Zile pumzi za haraka ndizo zinazonitia hofu. Kinachomfanya mtu ahisi kwamba lazima apumue ni kujaa kwa kaboni dayoksaidi mwilini. Upungufu wa oksijeni wenyewe hautoi onyo la kutegemewa. Mtu anapohema kwa kasi kabla ya kuzama huiondoa kaboni dayoksaidi lakini haongezi oksijeni kwa kiasi cha maana, kwa hiyo kengele ya mwili inachelewa kulia wakati oksijeni inaendelea kuliwa. Akiwa chini, shinikizo humsaidia kwa kuisukuma oksijeni iliyosalia iingie damuni. Anapoanza kupanda shinikizo hilo linapungua, na anaweza kuzimia ghafla akiwa amebakiza mita chache tu kufika juu, bila kuhisi dalili yoyote. Anayezimia majini akiwa na mtu wa kumshika mara moja na kumtoa, kwa kawaida huamka. Asiye na mtu huzama. Ubaridi unazidisha jambo hili: maji ya ziwa letu yana nyuzi 23 hadi 28, na watu husema ni ya vuguvugu, lakini kijana mwembamba asiye na suti, aliyeingia alfajiri na bado yumo saa nne asubuhi, amekwisha kupoteza joto jingi, anatetemeka, na misuli inayotetemeka hula oksijeni ile ile aliyokusudia imtoshe chini.

Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo, na ndiyo iliyonifanya niandike. Anayepiga mbizi kwa mtungi peke yake anaweza kubeba akiba: akipatwa na shida angali ana fahamu, ana hewa nyingine na muda wa kuitumia. Anayebana pumzi hawezi kubeba akiba ya fahamu. Akishazimia, hakuna kifaa mwilini mwake kinachoweza kumsaidia, anahitaji mtu. Kwa hiyo ikiwa kuna mbizi inayostahili kukatazwa kufanywa peke yako, kabisa na bila masharti, ni hii ya kubana pumzi, ambayo sisi tunaishangilia ufuoni na kuilipa kwa noti mbili tatu na soda.

Ongeza mazingira yenyewe. Karibu na Kisumu ghuba haina kina kirefu, na kwa hiyo ule ugonjwa wa naitrojeni, unaompata anayepanda upesi kutoka kina kirefu, si tatizo kubwa kwenye fuo za Dunga au Usoma. Tatizo ni giza. Maji yana matope na mwani kiasi kwamba ukinyoosha mkono huenda usiuone, gugumaji hufunika eneo lililokuwa wazi asubuhi, na chini kuna nyavu zilizotupwa, zikiwemo zile za uzi mmoja wa nailoni zilizopigwa marufuku lakini bado zinauzwa. Uzi huo hauonekani majini, na kisu cha kawaida huteleza juu yake. Mkasi mgumu, ule wa kukatia chuma laini au bandeji, huukata mara moja. Kijana aliyevaa bukta hana kisu wala mkasi. Kuna pia kizunguzungu kinachotokana na maji yaliyo baridi kuliko mwili kupenya ndani ya sikio lililotoboka, na mtu aliyepatwa nacho gizani hajui juu ni wapi. Mwenye mtungi hufundishwa aguse viputo vyake kwa mkono na kuvifuata, kwa maana viputo huelekea juu daima. Anayebana pumzi hana viputo vya kufuata. Sitaji viboko na mamba kwa kirefu, kwa sababu hao wavuvi wanawajua, wala kichocho, ambacho kila zahanati ya kando ya ziwa inakijua.

Msomaji mwenzangu atasema: basi wapige mbizi wawili wawili. Ningekubali kama wangeonana. Katika maji ambayo macho hayafiki urefu wa mkono, mwenza aliye mita mbili kutoka kwako hayupo, na wawili wasioonana ni watu wawili wa pekee wanaoweza kunaswa na wavu mmoja. Vikosi vya uokoaji katika nchi nyingi vimelitatua hili kwa utaratibu wa zamani na wa bei nafuu. Anashuka mtu mmoja, akiwa amefungwa kamba. Upande wa pili wa kamba, juu ya mashua au ukingoni, yupo mshika kamba ambaye kazi yake ni hiyo tu, asiyesimulia hadithi wala kupiga simu, na wawili hao wamekubaliana ishara za kuvuta: hii ni salama, hii ni nimepata, hii ni nitoe. Kando yake ameketi mpiga mbizi mwingine aliyekwisha kuvaa, tayari kuingia kwa kuifuata kamba hiyo hiyo. Kamba pia ndiyo inayoongoza utafutaji, kwa kuwa mshika kamba humwongoza aliye chini kwa nusu duara, kisha humwongezea urefu kidogo, hivyo hakuna mahali panapopapaswa mara tatu wakati pengine pameachwa. Chini ya maji mtu huyo yu peke yake kabisa, lakini juu ana watu wawili wanaomlinda. Kamba yenye nguvu inauzwa katika kila duka la vifaa vya uvuvi mjini hapa.

Kwa kijana wa kubana pumzi utaratibu huo unawezekana kuanzia kesho: kamba kiunoni kwa fundo linaloweza kufunguliwa kwa mkono mmoja, mshika kamba, mwenzake akimtazama na kumpokea kila anapoibuka, kupumzika juu kwa muda usiopungua mara mbili ya ule aliokaa chini, na pumzi za kawaida kabla ya kushuka badala ya kuhema. Akianza kutetemeka, atoke na mwingine aingie.

Nina hofu nyingine, nayo inatokana na ukarimu. Kila baada ya ajali kubwa hutokea mwanasiasa au mfadhili anayeahidi kuwanunulia vijana wa ufuo mitungi ya hewa. Nawaomba wasifanye hivyo kabla ya kuwalipia mafunzo. Kijana aliyezoea tangu utotoni kubana pumzi akiwa chini, ukimpa mtungi, ataivuta hewa iliyoshindiliwa kisha ataibana anapopanda, kwa kuwa mwili wake umezoea hivyo. Hewa hiyo hutanuka kadiri shinikizo linavyopungua, na mapafu yaliyojaa na kufungwa yanaweza kupasuka kwa kupanda mita moja na nusu au mbili tu, yaani ndani ya bwawa la kuogelea la hoteli. Kanuni ya kwanza ya mtungi ni kutokubana pumzi kamwe, na kanuni hiyo ni kinyume kabisa cha ujuzi wote alio nao. Vilevile mtungi haujazwi kwa kompresa ya gereji inayopulizia magari rangi. Hewa yake huwa na mvuke wa mafuta, na ikiwa injini ya kompresa iko karibu, huwa na kaboni monoksaidi, ambayo kiasi chake kisichomdhuru mtu sana juu ya ardhi humwua chini ya shinikizo.

Kwa wale watakaofika mbali, kwenye maji ya kina karibu na Mbita na Mfangano, kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya bahari havilipi uzito. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na jedwali za kawaida za kupiga mbizi zinahitaji kurekebishwa kuanzia mita 300. Hewa ya huku ni nyepesi zaidi, kwa hiyo mwili unaotoka chini unapata tofauti kubwa zaidi ya shinikizo. Mita 18 za ziwa letu huhesabiwa kama karibu mita 20 za bahari. Kisha mtu huyo akiingia kwenye matatu kuelekea Nakuru jioni hiyo hiyo, barabara itampandisha kupitia Kericho hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,400, na kwa mwili wake hilo ni sawa na kupanda ndege. Wataalamu hushauri kungoja saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida na saa 18 baada ya mbizi kadhaa kabla ya kuruka. Naye anayepanda milima yetu kwa gari angefaa ajipimie hivyo hivyo. Maumivu ya viungo na ganzi zinazoanza Londiani hazitibiwi kwa vidonge vya maumivu. Zinatibiwa kwa oksijeni safi na chumba cha shinikizo, na safari ya kukifikia chumba cha namna hiyo ni ndefu.

Ninachoomba hakihitaji sheria mpya ya kukataza. Kamati za usimamizi wa fuo zinajua kila mashua na kila mvuvi wake. Zinaweza pia kuwa na orodha ya vijana wanaoitwa kupiga mbizi, na kukubaliana kwamba hakuna atakayeingia kumtafuta mtu bila kamba na mshika kamba, hata jamaa wa marehemu wakilia na kusihi. Najua ugumu wa sharti hilo, kwa sababu nimesikia maneno wanayoambiwa vijana wanaposita. Lakini tofauti ya kumtafuta aliye hai na kumtafuta aliyefariki lazima isemwe waziwazi na mtu mwenye mamlaka ufuoni: dakika za mwanzo haraka ina maana, na baada ya saa kadhaa haina tena, isipokuwa pale chombo kilichopinduka kimefungia hewa ndani yake, kama ilivyotokea kwa feri ya MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania, Septemba 2018, fundi mmoja alipotolewa akiwa hai siku mbili baadaye. Serikali za kaunti tano za kando ya ziwa zinaweza kuwakatia vijana hao bima na kuwalipa posho inayojulikana badala ya michango ya papo kwa papo. Huduma ya Walinzi wa Pwani ya Kenya, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2018 na ambayo kazi yake inafika hadi kwenye maziwa, inaweza kuwafundisha utaratibu wa kamba kwa muda mfupi, kisha ikawachagua wachache wa kufundishwa mtungi ipasavyo.

Nanyi wahariri mna nafasi yenu. Habari za utafutaji ziwani huandikwa kwa mtindo mmoja: mashua imepinduka, wapiga mbizi wa ufuo wanaendelea kutafuta, jamaa wanasubiri. Mwandishi wenu atakapofika ufuoni safari ijayo, naomba aulize pia ni nani aliyeshika kamba ya aliye chini, na jibu atakalopewa lichapishwe pamoja na habari yenyewe.

Msomaji wenu,
Kisumu